Kuyazuru Makanisa ya Kale: Wajibu wa Mchungaji Aongozaye Wasafiri

Katika sharika zetu nyingi safari zimekuwa sehemu ya maisha ya kanisa. Kwaya hualikwa pwani, vijana wa kipaimara hupelekwa Bagamoyo, akina mama huvuka kwa boti kwenda Unguja, na wanafunzi wa theolojia huzuru vituo vya kale vya misheni pamoja na walimu wao. Kundi likisha kufika mbele ya ukuta mkongwe, nyuso zote humgeukia mchungaji, naye hutakiwa aseme neno. Makala hii inahusu neno hilo. Hatukusudii kueleza habari za nauli wala mahali pa kulala. Hayo wanakamati wa safari wanayajua kuliko sisi. Tunakusudia kuuliza mchungaji anasema nini mahali kama hapo, habari yake ameipata wapi, na inawafanyia nini wale wanaomsikiliza.

Kitabu cha Yoshua, sura ya 4, kinasimulia jinsi mawe kumi na mawili yalivyotolewa mtoni Yordani yakasimamishwa Gilgali. Wahubiri wengi huyakumbuka mawe. Wachache hukumbuka kwamba agizo lenyewe limejengwa juu ya swali la mtoto. Mtoto atauliza, na baba atajibu. Mawe hayasemi. Kumbe ukweli wa ukumbusho ule uliwekwa kinywani mwa yule ajibuye, na baba akijibu vibaya, hakuna jiwe litakalomsahihisha.

Sisi Walutheri tunayo sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Martin Luther mwenyewe alikwenda Roma katika majira ya baridi ya mwaka 1510 na 1511, akayazunguka makanisa na masalio ya watakatifu kwa bidii ya mtawa kijana. Miaka michache baadaye, katika waraka wake wa mwaka 1520 kwa wakuu wa taifa la Ujerumani, alitaka hija za kwenda Roma ziondolewe au zipunguzwe. Hakumkataza mtu kusafiri. Alikataa fundisho kwamba safari humpatia mtu stahili mbele ya Mungu. Basi sisi tufikapo mahali pa kale hatuendi kuchuma neema. Twaenda kujifunza na kuomba, na ajifunzaye hana budi kukubali kusahihishwa.

Mkunazini

Hakuna mahali pa ibada panapozuriwa na Wakristo wa nchi yetu kwa moyo mzito kuliko Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja. Habari zake za msingi zinajulikana. Mwezi Juni mwaka 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia biashara hiyo baharini. Katika sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali palipokuwa soko. Kipande kimoja cha ardhi kilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindi, jambo ambalo waongozaji wengi husahau kulitaja. Edward Steere, ambaye mwaka 1874 aliwekwa kuwa askofu, aliusimamia ujenzi huo mwenyewe, akaufunika kwa paa la kuba lililofanywa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa, na watu wakashangaa kwamba halikuanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika siku ya Krismasi mwaka 1877. Steere alifariki mwaka 1882 na kaburi lake liko nyuma ya madhabahu. Mtu huyu ndiye pia aliyetuachia kazi kubwa katika sarufi na tafsiri za Kiswahili. Mwanafunzi wa Biblia asimamapo pale amesimama karibu na mmoja wa walimu wake.

Ndani ya kanisa mgeni huonyeshwa duara sakafuni mbele ya madhabahu, na kuambiwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa na kuchapwa. Huonyeshwa nguzo zilizosimikwa juu-chini, chini-juu, na kuambiwa kwamba mafundi walikosea wakati askofu akiwa safarini. Huonyeshwa msalaba ambao mti wake ulitoka Chitambo, katika Zambia ya leo, pale moyo wa David Livingstone ulipozikwa mwaka 1873. Nje huonyeshwa ukumbusho uliochongwa mwaka 1998 na Clara Sörnäs, msanii wa Uswidi: watu watano wa mawe shimoni, minyororo shingoni. Kisha huteremshwa ngazi, chini ya jengo la jirani, kwenye vyumba vifupi vyenye giza, na kuambiwa kwamba humo watumwa walirundikwa wakingoja siku ya mnada.

Hapo ndipo wengi hulia. Nasi tumelia hapo. Lakini mwaka mmoja tulikuwa na kundi la wanafunzi, na mmoja wao, kijana mkimya kutoka nyanda za juu, akainamisha kichwa kwa sababu ya dari na kuuliza: “Mwalimu, soko lilifungwa mwaka 1873, na nyumba hii tumeambiwa ni ya misheni. Hawa watu waliwekwa humu lini?” Hatukuwa na jibu. Mwongoza wageni alitutazama, nasi tukamtazama, kisha tukapanda ngazi.

Jibu lilipatikana baadaye, katika kusoma. Jengo lile lilijengwa na misheni kwa kazi ya hospitali, miaka kadhaa baada ya soko kufungwa, na wanahistoria kadhaa wameona kwamba vyumba vya chini vinaelekea zaidi kuwa ghala la hospitali kuliko kuwa kifungo cha watumwa. Hatusemi hivyo ili kumwaibisha yule mwongozaji. Yeye anasimulia alichofundishwa, na kwa simulizi hilo analisha watoto wake. Aliyepaswa kujua zaidi ni sisi tuliokuwa na maktaba.

Je, basi, tuwaambie wasafiri kwamba machozi yao yalikuwa ya bure? Hasha. Kwamba wanadamu waliuzwa mahali pale ni hakika isiyo na shaka. Kwamba walitoka Nyasa, Unyamwezi, Umanyema na kwingine, wakaletwa kwa miguu na majahazi, ni hakika. Uovu huo hauhitaji chumba cha uongo ili uonekane. Kinyume chake, msikilizaji akigundua siku moja kwamba alidanganywa kuhusu chumba, ataanza kushuku na soko lenyewe, na hiyo ni hasara kubwa kuliko ya kukosa kulia.

Lakini liko jambo zito zaidi. Simulizi la Mkunazini, jinsi linavyosimuliwa na baadhi ya wahubiri wetu, lina sura mbili tu: Mwarabu Mwislamu aliyeuza, na Mzungu Mkristo aliyekomboa. Tumesikia mahubiri ya namna hiyo yakitolewa ndani ya boti wakati wa kurudi, yakisikika hadi viti vya nyuma walikokaa abiria wenye kanzu na baibui. Vijana arobaini waliambiwa kwamba jirani zao wana deni la damu. Tuseme wazi: mahubiri hayo ni ushuhuda wa uongo dhidi ya jirani, na amri ya nane, kama tulivyoihesabu katika Katekismo, inayahusu.

Maana historia yenyewe haina sura mbili. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ya kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Waliokula sukari ya mashamba yale walikuwa Wakristo waliobatizwa. Pembe za ndovu zilizobebwa hadi pwani zilikwenda Ulaya na Marekani kufanywa vifungo vya piano na mipira ya michezo. Bara nako walikuwako watawala waliowauza watu wa jirani, na wakati mwingine watu wao wenyewe. Aidha, mkataba wa mwaka 1873 haukuufuta utumwa katika Unguja. Uliifunga biashara ya sokoni na ya baharini. Visiwa viliingia chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, lakini hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria hadi mwaka 1897. Kwa miaka saba, basi, dola ya Kikristo ilitawala mahali ambapo mtu alimiliki mtu kwa mujibu wa sheria, na kengele za Mkunazini zililia kila Jumapili. Mambo hayo hayaondoi hatia ya wenye soko. Yanaigawa hatia mahali pote inapostahili kukaa, na sehemu yake inakaa katika viti vya kanisa.

Mchungaji mwenye muda wa siku moja zaidi angefanya vema kuwapeleka watu wake Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 kwa hesabu yetu. Sehemu kubwa ya jengo la sasa ni ya karne ya 18; maandishi ni ya kale kuliko kuta zinazoyazunguka. Watu husali humo hadi leo. Kwa hiyo wageni waombe ruhusa kwa mwangalizi, wavue viatu, wajifunike, wasiingie wakati wa sala, na wasipige picha za wenye kusali. Vijana wetu wakisha kusimama mbele ya jiwe lililotangulia lile la Mkunazini kwa zaidi ya miaka mia saba, watafahamu vizuri zaidi nani ni mgeni wa nani katika pwani hii.

Mnyororo wa Bagamoyo

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Katika uwanja wa misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, uko mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Miaka mingi iliyopita tulisimama chini ya mbuyu ule mbele ya kwaya ya usharika mmoja, tukauonyesha mnyororo, na tukahubiri kwa dakika ishirini juu ya watumwa waliofungwa pale. Waimbaji walitikisa vichwa kwa huzuni. Tulipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani, ambaye alikuwa amesikiliza yote akiwa ameegemea fagio lake, alitukaribia kwa heshima. “Baba Mchungaji,” akasema, “mnyororo huo ulikuwa wa punda.”

Na ndivyo ilivyo. Mnyororo ule unatajwa pamoja na jina la Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyetoa huduma za dawa, ambaye karibu na mwaka 1895 alimfunga hapo punda wake. Mbuyu ulizidi kunenepa na mnyororo ukabaki ndani. Kwaya ilicheka hadi Chalinze, na sisi tukajifunza kuuliza kabla ya kuhubiri.

Bagamoyo ina mambo ya kweli ya kutosha. Upo mnara wa kanisa la mwaka 1872, ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja, Februari 24, 1874, baada ya kubebwa na watu wake kwa muda wa miezi tisa hivi kutoka Chitambo. Kundi likisimama mlangoni pa mnara huo, mchungaji na awataje waliobeba. Abdullah Susi na James Chuma waliongoza. Jacob Wainwright, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa Nasik huko Bara Hindi, ndiye aliyesoma maneno ya maziko chini ya mti na kuchonga jina la marehemu katika gome lake. Wainwright alifika London pamoja na jeneza, akawa miongoni mwa waliolisindikiza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walialikwa Uingereza baadaye mwaka huohuo, mazishi yakiwa yamekwisha. Mgeni atazamaye mnara anapata jina la marehemu bila kuuliza. Majina ya wachukuzi hayapati asipotajiwa.

Vivyo hivyo na kijiji cha waliokombolewa. Mapadri walitoa fedha kuwanunua watoto sokoni, na bila shaka waliwaokoa na mambo mabaya. Lakini watoto wale waliishi kwa kengele tangu alfajiri, wakafanya kazi ya shamba, wakaozwa na kupewa nyumba katika kijiji cha misheni, wala haikuwa rahisi kwao kuondoka na kwenda watakako. Kukombolewa na kuwa huru havikuwa jambo moja. Mwanafunzi anayesoma Wagalatia darasani angeweza kukaa nusu saa katika uwanja ule na swali hilo pekee.

Jambo dogo la adabu, kwa kuwa tumefika katika nyumba ya kanisa lingine. Kundi la wageni lisiingie kanisani kama liingiavyo sokoni. Barua itangulie, au angalau simu kwa paroko au mchungaji wa mahali. Nguo ziwe za heshima. Kwaya isianze kuimba kabla ya kukaribishwa, hata kama mwangwi wa kuba unashawishi. Makaburini watu wasikae juu ya mawe kwa ajili ya picha. Makaburi ya Bagamoyo yana vijana wengi waliokufa kwa homa muda mfupi baada ya kushuka melini, na mama zao hawakuyaona. Sadaka iachwe. Na ikiwezekana safari ipangwe ili kundi lishiriki ibada ya Jumapili pamoja na wenyeji, kwa maana kanisa la kale lisilotazamwa likiwa na watu wake limetazamwa nusu.

Mji wa Wittenberg

Wenzetu wachache hupata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa masomo au kwa ziara za urafiki wa dayosisi, na karibu wote hufikishwa Wittenberg. Wakirudi hutuonyesha picha yao mbele ya mlango wa Kanisa la Ngome. Ni vema wajue kwamba mlango wa mwaka 1517 uliteketea kwa moto mwaka 1760 wakati wa vita, na ule wa shaba wenye hoja 95 uliwekwa mwaka 1858. Hata tendo la kupigilia misumari limebishaniwa na wanahistoria tangu mwaka 1961, pale Erwin Iserloh, msomi Mkatoliki, alipoonyesha kwamba Luther mwenyewe hakulisimulia. Habari yake inatoka hasa kwa Melanchthon, aliyeiandika baada ya Luther kufariki mwaka 1546. Matengenezo hayaanguki kwa ajili ya msumari. Hoja ziliandikwa, zikatumwa, zikasomwa.

Linalotuhusu zaidi liko mwendo mfupi kutoka hapo, katika Kanisa la Mji, Mtakatifu Maria, ambamo Luther alihubiri mara nyingi. Juu, kwenye ukuta wa nje, iko sanamu ya mawe ya tangu mwisho wa karne ya 13, inayowaonyesha Wayahudi pamoja na nguruwe kwa dhihaka mbaya kabisa. Luther aliitaja mwaka 1543, naye aliitaja kwa kuiunga mkono. Usharika haukuibandua. Mwaka 1988 uliweka ardhini, chini ya sanamu hiyo, bamba la ukumbusho linalohusisha dhihaka ile na mauaji ya Wayahudi wakati wa Hitler. Wapo walioona kwamba hilo halitoshi. Myahudi mmoja alishitaki akitaka sanamu iondolewe, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba inaweza kubaki, kwa sababu ya maelezo yaliyowekwa pamoja nayo. Hatuna haja ya kuwaamulia watu wa Wittenberg. Tunasema tu kwamba mchungaji wetu apigwaye picha mlangoni bila kuupitia ukuta ule amezuru nusu ya urithi wake, tena ile nusu iliyo nyepesi.

Akeri

Ni rahisi kusema hayo ya Ujerumani. Yatupasa sasa kurudi nyumbani, kwenye miteremko ya Mlima Meru, si mbali na Usa River, mahali ambapo vizazi vya wanafunzi wa theolojia wamepelekwa kwa miguu au kwa gari la chuo.

Katika usiku wa kuamkia Oktoba 20, 1896, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig wazaliwa wa nchi za Baltiki, waliuawa Akeri na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha. Walikuwa wametoka Kilimanjaro, ambako Misheni ya Leipzig ilikuwa imeanza kazi mwaka 1893, nao walikuja kufungua kituo kipya. Pamoja nao waliuawa baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Majina mawili ya kwanza kila mwanafunzi wa historia ya kanisa letu anayajua, nao wameitwa wafia imani kwa zaidi ya miaka mia moja. Majina ya Wachagga wale wachache sana wanaweza kuyataja, na tumewauliza wengi.

Hapo kwa kawaida mahubiri huanza: mbegu ilianguka katika nchi, ikafa, ikazaa. Tumehubiri hivyo nasi. Lakini kati ya kaburi la mwaka 1896 na kituo cha Nkoaranga cha mwaka 1902 ipo miaka sita ambayo mahubiri huiruka kama mtu arukavyo kijito. Wakati wamisionari walipopiga hema Akeri, Kapteni Johannes, mkuu wa boma la Moshi, alikuwa katika eneo hilohilo na askari wake. Wenyeji waliona Wazungu wawili wenye hema, na Mzungu mwenye bunduki, wakiwa wamefika wakati mmoja. Haikuwa ajabu wakiwahesabu kuwa kundi moja. Baada ya mauaji Johannes alirudi kulipiza kisasi, akiwa na askari wake na umati wa wapiganaji wa Kichagga. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, na ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa. Migomba ni chakula cha mlimani. Kuikata ni kuua mara ya pili, polepole. Miaka michache baadaye wenyeji walilazimishwa kwa nguvu kujenga boma la Arusha. Na tarehe 2 Machi 1900, kule Old Moshi, Mangi Meli na viongozi wenzake walinyongwa kwa amri ya Johannes huyohuyo. Walikuwa watu kumi na tisa, na viongozi wa Meru na Arusha walikuwa miongoni mwao.

Ndipo mbegu ikaota. Hatukatai kwamba ilikuwa mbegu. Ovir na Segebrock hawakuja na bunduki ya kisasi, wala hawakuomba walipiziwe. Hata hivyo, waliowapokea wamisionari mwaka 1902 walikuwa watu waliokwisha kuvunjwa, na kanisa linaloisimulia Akeri bila kutaja migomba linasimulia msalaba bila kuwataja askari. Hatudhani kwamba ukimya huo ulitokana na hila. Ripoti za misheni ziliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya waliowajua marehemu, zikaingia katika vitabu vyetu vya darasani, nasi tukazikariri kwa ajili ya mitihani. Pia iko aibu ya kwetu wenyewe: waliobeba mikuki upande wa Johannes walikuwa babu za baadhi yetu, na leo tunaketi meza moja ya Bwana na wajukuu wa walioibiwa ng'ombe. Nani angependa kulifungua jambo hilo siku ya matembezi ya wanafunzi?

Tangu tulipolitambua jambo hilo tumebadili namna ya kuzuru Akeri. Kabla ya siku yenyewe wanafunzi husoma habari za misheni, na kando yake husoma yale ambayo wanahistoria wa Meru na Arusha wamekusanya kwa wazee. Pale kaburini hatuanzi kuhubiri. Tunasoma majina mawili, tunanyamaza kwa ajili ya wale waliouawa nao, na tunanyamaza tena, kwa muda mrefu zaidi, kwa ajili ya wale wa mwezi uliofuata. Kisha tunamwomba mzee wa mahali azungumze, naye hupewa muda autakao.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, mzee tuliyemwalika hakusema lolote kwa kitambo. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, ingawa jua lilikuwa kali. Halafu alitueleza habari aliyoipata kwa bibi yake, ya mahali familia ilipojificha na walichokula migomba ilipokuwa imelazwa chini. Alitaja jina la korongo, akataja rangi za ng'ombe watatu. Wanafunzi waliokuwa na kalamu waliacha kuandika. Alipomaliza akatuuliza ni nani kati yetu ametoka Machame. Wanafunzi wawili waliinua mikono, polepole. Mzee akawaendea, akawashika mikono mmoja baada ya mwingine, akawauliza habari za nyumbani kwao, na mvua za mwaka ule zilikuwaje.